Mkono Ndani ya Kapu

Harufu ndiyo iliyotupokea, kabla ya mtu. Mimi na baba tulikuwa tumetembea siku mbili kutoka kwa Moloni, kamba za viatu zimekatika, na tulipofika kwenye mtini ulio karibu na nyumba yetu baba alisimama akanusa.

"Nguruwe wa Nikarete kafa," akasema.

"Au Nikarete mwenyewe."

"Mirto, funga mdomo."

Nikafunga. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mdomo wangu ulishaambiwa ufungwe na kila mtu katika uwanda wa Thria, pamoja na wasafiri waliokuwa wakipita tu. Lakini safari hii baba alisema kama mtu anayeumwa jino, kwa hiyo nilimhurumia.

Mama alikuwa amekaa chini, kwenye udongo mtupu, mgongo ukutani. Nywele hazijafungwa. Majivu ya jikoni yalikuwa yamemwingia mpaka kwenye nyusi. Katikati ya miguu yake kulikuwa na kapu kubwa lililopakwa lami, na harufu ilikuwa inatoka humo.

"Filina yuko wapi?" akauliza.

"Ameolewa," baba akajibu, akiutazama mtini.

"Na nani?"

"Moloni. Yule mwenye mashimo ya fedha kule kusini. Ni mtu mzima, ana nyumba ya mawe, ana..."

"Lini?"

"Ulipokuwa kilimani."

Mama akalivuta kapu karibu, akalifunika kwa upindo wa nguo yake. Hakulia. Hakumrukia baba usoni, jambo ambalo mimi nilikuwa nimeshajitafutia pembe nzuri ya kulitazama. Alinyamaza, na akanyamaza hivyo siku tisa.

Sisi wa Thria hatupandi shayiri tupu. Kiangazi wanawake hutupa vitoto vya nguruwe kwenye shimo la kilimani, sadaka ya Mama Demeta, mungu wa nafaka, na ya bintiye. Huyo binti tunamwita Binti tu. Jina lake si la kuchezea; tangu Mwenye Nyumba ya Chini, bwana wa wafu, alipomnyakua akichuma maua, ukilitaja hujui nani anasikiliza. Vuli ikifika, wake za watu hupanda kilimani siku tatu, bila mwanamume wala msichana. Wanafunga, wanakaa chini kama Mama Demeta alivyokaa akimlilia mwanawe mpaka dunia ikakauka. Halafu wanatukanana matusi ya kuchekesha, kwa sababu yeye naye alichekeshwa na mzaha wa kijakazi, ndipo akakubali kunywa. Na akishacheka mtu, mfungo wake umekwisha. Lazima anywe ainuke, hata kama moyo wake bado uko chini.

Siku ya tatu mchotaji hushuka shimoni. Wenzake hupiga makofi na kelele ili nyoka wajifiche, naye anachota kilichobaki cha wale nguruwe, anakipandisha, na kinachanganywa na mbegu. Mkono uliochota ndio unaochanganya. Ukichanganya mwingine, mbegu inaoza ardhini. Kwetu hilo halina ubishi, kama moto usivyo na ubishi.

Zamani wachotaji walikuwa watatu. Mmoja tulimzika kiangazi kile. Wa pili nyonga zake zilikuwa zimekataa ngazi. Mwaka ule alishuka mama peke yake. Na wakati yuko huko chini na nyoka, akiwatafutia shayiri wanaume wote wa Thria, mwanamume wake mwenyewe alikuwa anampakia dada yangu kwenye gari la nyumbu. Baba alizichagua siku hizo makusudi. Mama angekuwepo, gari lisingevuka kizingiti.

Siku ya tisa nyota za Kilimia zilizama alfajiri na mvua ya kwanza ikanyesha. Hapo hakuna wa kuambiwa; huo ni wakati wa kulima. Wanaume walifunga maksai, wakabeba mitungi ya mbegu, wakajipanga mlangoni kwetu kama kila mwaka, pua wameziba.

Mama akafungua mdomo.

"Mnirudishie Filina. Siku atakayoingia mlango huu, nitachanganya."

"Arkipe, dada yangu," akasema mmoja wao kwa upole, "hayo ni yako na mumeo. Shayiri yetu imekosa nini?"

"Na mimi nilikosa nini kule shimoni?"

Walibeba mitungi yao wakaondoka. Mmoja, njiani, alimtemea baba mate miguuni. Baba aliyafuta kwa mguu mwingine akaendelea kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Nikarete, jirani yetu, mwenye sauti ya kumwita mbuzi aliyepotelea Megara, alikuja kila siku na kikombe cha maji ya shayiri na mnanaa.

"Kunywa, we mwanamke. Unanuka kulishinda kapu."

Mama aligeuza uso.

"Haya, nikutukane kama kilimani? Huyo mumeo Lisisi, makalio yake kama zabibu mbili zilizosahaulika juani. Nilimwona akioga mtoni. Samaki waliona aibu, si mimi."

Kwingineko wanawake wangeshagaragara kwa kicheko. Mama alikuwa anaangalia ardhi. Nikarete akanigeukia.

"We Mirto, si ndiye mwenye ulimi hapa? Mchekeshe mama yako tupone."

"Nimejaribu, mama Nikarete."

Uongo. Tangu tuliporudi kutoka kwa Moloni sikuwa nimethubutu kumfanyia mama mzaha hata mmoja. Nitasema kwa nini.

Mvua ya pili ikaja, ikapita. Mavuno ya mwaka uliopita yalikuwa haba, na mitungi ilishaanza kulia tupu. Watu wakaanza kula mbegu. Kwanza kwa kificho, baadaye waziwazi. Mkulima mmoja wa bondeni akasema wanawake wanatufanya wajinga, akapanda tupu. Baada ya siku kumi alifukua kuangalia. Nilikuwepo. Punje zilikuwa zimekuwa uji mweusi, na alikaa pale mtaroni akizipondaponda kidoleni kama anatafuta iliyokosea njia. Mtoto wa mwisho wa Nikarete tumbo likaanza kuvimba. Bado Nikarete alileta kikombe, ila sasa kilikuwa na maji zaidi kuliko shayiri, na matusi yake yalikuwa yamepungua chumvi.

Na mama alikuwa anakauka. Mifupa ya mikono ilionekana yote. Nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa akisinzia.

Ndipo akaja mjumbe wa Moloni, juu ya nyumbu.

Moloni ana watumwa wengi mashimoni, na wanakula shayiri ya Thria. Thria isipopanda, mashimo yake yanafungwa. Isitoshe, mtu anayeishi kwa kuchimba chini ya ardhi hapendi kugombana na miungu wa ardhi. Mjumbe akasimama uani, mbele ya watu waliokimbilia kusikia, akasema alichotumwa.

"Bwana wangu anasema hivi. Mama yake anaapa kwamba bibi arusi alikula komamanga mlangoni. Filina mwenyewe anasema hakula. Aliyekuwa bega kwa bega naye ni mdogo wake. Basi mdogo wake aape kwa Mama na Binti, mbele ya watu. Akisema dada yake hakumeza, bwana wangu atamrudisha na nguo zake na asimdai mtu kitu. Akisema alimeza, basi ni mke, na asisumbuliwe tena."

Macho yote yakanijia. Nimezoea kutazamwa, lakini nimezoea kutazamwa na watu wanaosubiri kucheka.

Desturi ni hii. Bibi arusi akifika mlangoni kwa mume, mama mkwe humpa komamanga. Akila, amekuwa wa nyumba ile, na papo hapo mhimili wa gari lililomleta unachomwa moto ili asiwe na cha kumrudisha. Asipokula, gari linageuzwa. Ndiyo maana mimi na baba tulirudi kwa miguu.

Siku ile Filina alikuwa ameamua kutokula. Hakuniambia, lakini nilimjua. Alikuwa amebana midomo tangu tulipopita daraja la kwanza. Tulisimama pale mlangoni, jua linazama, moshi wa tanuri za fedha umetanda mpaka majani ya mizeituni yalikuwa meupe. Jamaa wa Moloni wamesimama na mwenge kando ya gari, wanasubiri. Baba yuko nyuma anawafungua nyumbu wa Moloni. Mama mkwe, bibi kizee mfupi, ameshika komamanga lililopasuliwa, kiganja kimejaa punje. Anasogeza mkono, Filina anarudisha kichwa. Anasogeza, anarudisha. Watu wakaanza kunong'ona. Kungekucha vile, na asubuhi gari lingegeuzwa, na Filina angerudi kwetu.

Na mimi, ambaye siwezi kuvumilia kimya, nikamwegemea sikioni nikamwambia:

"Dada, hebu muangalie bibi. Ana ndevu kumpita bwana arusi. Fanya hima uchague, usije ukapewa huyu."

Ni kweli alikuwa nazo. Tatu, ndefu, kidevuni.

Filina akacheka. Alipasuka kicheko kwa sababu alikuwa amebana siku mbili nzima, na kicheko chake kilikuwa cha mdomo wazi, meno yote nje, hivyo ndivyo alivyocheka toka utotoni. Yule bibi alikuwa mwepesi kuliko umri wake. Kiganja kizima kikaingia mdomoni kwa dada yangu, na kingine kikamfunga kidevu. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Mwenge ukagusa mhimili.

Aliniangalia juu ya kile kiganja. Hilo tu.

Sasa, mjumbe akingoja jibu uani, baba akanivuta nyuma ya nyumba, penye kuni zake.

"Sema hakumeza. Maneno mawili, Mirto. Tangu uzaliwe umesema maelfu bila kufikiri, haya mawili yakushinde?"

"Na kiapo?"

"Mama Demeta ana kazi nyingi."

"Kazi gani, baba? Mwaka huu hatujampa hata shamba moja."

Akanipiga kofi, si kwa nguvu, kisha akashika mkono wake mwenyewe kama umemuuma. "Nilikosea," alisema. "Unasikia? Nilikosea. Nisaidie kurekebisha."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema hivyo, na sikupenda.

Nikarete naye alinikamata mlangoni. "Mwanangu, mimi sikwambii useme nini," akasema, na akamgeuza yule mtoto wake upande wangu ili nilione tumbo. Kwa hiyo aliniambia.

Na nilikuwa tayari. Niliapa moyoni kwamba nitasema hakumeza. Filina arudi, mama ainuke, mbegu ichanganywe, watu wale. Uongo mmoja kwa faida ya kijiji kizima. Nimewahi kudanganya kwa faida ya tini tatu.

Nilipiga magoti mbele ya mama. Aliniangalia muda mrefu. Mama ndiye aliyenizaa, na mdomo huu unapotaka kudanganya anaujua.

"Si hivyo," akasema. Akaondoa upindo wa nguo juu ya kapu. "Tia mkono humu ndiyo uape."

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Mimi sikuwa na pa kurudi.

Niliingiza mkono mpaka kifundoni. Kulikuwa na joto. Hilo ndilo ambalo sikulitegemea, lile joto, kama ndani ya kitu kilicho hai. Vidole vyangu viligusa vifupa vidogo, taya nafikiri, na kitu laini kilichoteleza kikaja kujifunga kwenye kidole changu kama kimenisubiri. Huenda ulikuwa utumbo. Sikuwaza utumbo. Niliwaza mbegu zote za Thria zikipita humu, na neno langu likiwa humo ndani linazisubiri, na mtaro baada ya mtaro wa uji mweusi.

Watu husema niliwafikiria wao. Wananisifu mpaka leo: Mirto alikuwa na dada, lakini aliwafikiria watu. Hapana. Niliogopa tu. Mkono ulikuwa ndani, na nikaogopa.

"Alimeza," nikasema.

Kuna mtu aliguna. Baba alikaa chini.

"Alimeza vipi?" akauliza mama. "Filina? Mwanangu namjua. Akikataa, amekataa."

"Nilimchekesha."

"Ulimchekesha."

"Alikuwa amebana mdomo. Nikamchekesha, ukafunguka, bibi akatia."

"Ulisema nini?"

"Mama..."

"Mkono bado uko ndani, Mirto. Ulimwambia nini mwanangu?"

Nikayasema tena, neno kwa neno, kwa sauti ileile, kwa kuwa sijui kuyasema kwa sauti nyingine. Hebu muangalie bibi. Ana ndevu kumpita bwana arusi. Fanya hima uchague.

Kisha tumbo la mama likatikisika. Nilidhani ni kikohozi. Akashika mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia kutapika, lakini kilipita katikati ya vidole: kicheko. Alicheka. Machozi yakichimba njia kwenye majivu, mbavu zikigongana, alicheka kwa mdomo wazi na meno yote nje, kama Filina, na huku anatikisa kichwa kukataa, hapana, hapana, hapana, na hakuweza kuacha. Hakuna aliyecheka naye. Mbwa wa Nikarete alijificha nyuma ya mtini.

Kilipokwisha, mama alibaki anahema. Tulikuwa tunajua sote, na yeye akijua kutushinda, kwamba mfungo umekwisha. Angeweza kufa pale chini kwa ajili ya Filina, na nadhani alikuwa amekubali kufa. Sasa haikuruhusiwa. Mungu mke mwenyewe alipocheka, alikunywa akainuka. Mchotaji wake ni nani hata akae?

Nikarete alimsogezea kikombe. Mama akakinywa chote, polepole, akiniangalia juu ya ukingo wake. Macho yaleyale ya mlangoni kwa Moloni.

"Leteni mbegu," akasema.

Alichanganya mpaka jua likazama. Nilipomletea maji ya kunawa alisema, "Si wewe," kwa upole kabisa, akamngoja Nikarete.

Tulipanda tukiwa tumechelewa. Shayiri ilitoka fupi, lakini ilitoka. Mtoto wa Nikarete hakuiona. Alizikwa wiki mbili kabla masuke hayajageuka rangi. Mama yake alisimama kaburini bila sauti yoyote, na hilo lilinitisha kuliko kapu.

Kwenye mavuno mke anaruhusiwa kuja kwao kula mkate wa kwanza, akae mpaka nafaka ipurwe. Filina alikuja. Moshi wa tanuri ulikuwa umempaka midomo rangi ya risasi, na alikohoa kwa staha, ndani ya kitambaa. Mama alimshika uso akamwangalia jino moja moja kama mtu anayenunua punda. Walilala kitanda kimoja. Mchana walifanya kazi pamoja bila kusema sana, na pale walipopita wao hata mimi niliona shamba limechangamka, ingawa ni upepo tu.

Siku moja nilimkuta Filina peke yake kisimani.

"Yule mjumbe alipoondoka kuja huku," akasema, "mimi nilifunga nguo zangu. Nikakaa mlangoni siku nne na kifurushi mapajani. Nilijua wamekuuliza wewe, nikasema, basi nimepona. Mirto anajua kudanganya."

Nikaona ndoo imeinama, nikasema kitu kuhusu ndoo, mzaha mdogo, hata siukumbuki. Filina alibana midomo. Haikuwa hasira. Alikuwa amejifunza.

Nafaka ilipokwisha kupurwa, gari likaja. Majani ya mtini yalikuwa yameanza kudondoka na mama alikuwa ameshakaa chini ukutani, ameanza mfungo mapema kuliko wenzake wote. Tulikuwa na mkate wa shayiri ile, mkate mweusi, mzito, bado wa moto. Nikakimbia nikampa Filina garini kwa mkono wangu, ule ulioingia kapuni.

"Wa njiani, dada."

Aliupokea, akashukuru. Akauvunja vipande viwili, akauangalia ndani, kisha akainama mbele akawapa nyumbu.